Kutoka pindo la kanga hadi kanzu ya taharizi: mwongozo kamili wa kujishonea nguo nyumbani

Kanzu ya marehemu babu ilikuwa imechakaa mabegani, haivaliki tena, na bibi alikwisha sema tuikate matambara. Nikaomba niachiwe siku mbili. Nikaketi barazani kwetu Magomeni, hapa Bagamoyo, wembe mkononi, nikaifumua mshono mmoja mmoja mpaka ikabaki vipande vitupu. Nikavipiga pasi, nikavitandaza mkekani, nikawa navisogeza huku na huku. Vile vipande vya ubavuni viitwavyo taharizi, vipana chini na vyembamba juu, nilipokigeuza kimoja kichwa chini na kukilaza kando ya mwenzake, vikawa mstatili kamili. Mikono, mistatili. Vikwapa, vile vipande vidogo vya chini ya kwapa, miraba. Pale mkekani palikuwa na kitambaa kizima kama kilivyotoka dukani, kimepungua tundu la shingo tu.

Sababu yake imo katika historia ya mji huu. Karne ya 19 kitambaa kilikuwa fedha. Misafara iliyoondoka Bagamoyo kwenda bara ilibeba majora ya merikani na kaniki pamoja na shanga na nyaya za shaba, na kwa nguo hizo walilipa hongo, yaani ushuru wa kupita, njiani na kununua chakula. Merikani iliitwa hivyo kwa kuwa ililetwa na wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa Salem, Massachusetts. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya kule, 1861 hadi 1865, vilipokatiza pamba, vitambaa vya Uingereza na India vikashika nafasi yake. Kipimo kilikuwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, kama inchi 18. Mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti. Mtu anayepima mali yake kwa mkono wake mwenyewe hakati duara katikati ya kitambaa akatupa pembe.

Ndiyo maana nguo zetu za zamani zimekatwa kwa mistari iliyonyooka, na ndiyo maana zinamfaa sana anayeanza. Watu wengi hukimbilia gauni la kubana lenye zipu mgongoni, wakaharibu kitambaa, wakaweka cherehani pembeni na kukifunika shuka. Mimi nakushauri uende kama walivyokwenda wazee: mstari ulionyooka kwanza, mviringo baadaye. Ukifika kwenye kanzu utakuta kukata kwake unakujua tayari, kilichobaki ni subira ya mkono.

Vifaa

Cherehani cha miguu kinatosha, na kwangu mimi ndicho bora: umeme ukikatika kazi haisimami, na mwendo unaumiliki kwa nyayo zako. Kabla ya kutia uzi, kaa nacho siku nzima ukishona karatasi yenye mistari ya daftari, sindano tupu, ukifuata mistari mpaka matundu yasipotoke. Jambo gumu hapo ni kuanza. Gurudumu la mkono lizungushe kuja upande wako, kisha miguu ipokee. Likizunguka kinyume, uzi unakatika au unajifunga chini.

Sisi wa pwani tuna adui mmoja zaidi, upepo wa chumvi. Hula chuma. Sindano ikiachwa wazi wiki mbili huota kutu, na kutu huacha doa kwenye nguo nyeupe lisilotoka kwa sabuni. Funika cherehani kila ukimaliza, weka sindano na pini kwenye kopo lenye kifuniko, na utie tone la mafuta ya cherehani katika matundu yake kila baada ya siku chache za kazi. Mafuta ya kupikia usiyatie kabisa: huganda na kuifanya mashine iwe nzito.

Mikasi iwe miwili. Mmoja wa kitambaa peke yake, na nyumba nzima ijue kwamba haukati karatasi wala plastiki. Tafuta pia futi ya kushonea yenye inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili, pini, sindano za mkono, wembe wa kufumulia na chaki. Ukikosa chaki, kipande chembamba cha sabuni ya kuogea kilichokauka huchora vizuri zaidi na hutoka kwa maji. Pasi iwe karibu muda wote. Kama ni ya mkaa, kung'uta majivu nje kwanza na uweke kitambaa cheupe kati yake na kazi yako.

Sindano za mashine zina namba. Kwa kanga na poplini nyepesi tumia namba 11 au 12, kwa kitenge na merikani 14, kwa jinzi 16. Mshono ukiruka, badilisha sindano kabla hujagusa kitu kingine. Uzi ukijikusanya kama kiota chini ya kitambaa, kosa karibu kila mara liko juu: toa uzi wa juu wote, nyanyua mguu wa cherehani, pitisha upya. Wengi huanza kuchokoa bobini bure.

Kitambaa kabla ya mkasi

Loweka, fua, anika, piga pasi. Ndipo ukate. Sketi yangu ya kwanza ya kitenge niliikata jioni ileile niliyoinunua, ikanitosha vizuri, nikaivaa kwenye harusi. Baada ya kufuliwa mara mbili haikupita tena nyongani. Pamba ikikutana na maji hujivuta, na merikani isiyofuliwa hujivuta zaidi ya zote. Kwa hiyo nunua robo yadi ya ziada na ukiache kitambaa ndani ya beseni usiku kucha.

Kama hujui umeuziwa pamba au la, chomoa nyuzi mbili uziwashe. Pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu. Poliesta si mbaya, lakini kwenye joto la Februari hapa kwetu mwili utakuambia.

Kisha tafuta mtande. Nyuzi zinazokwenda na urefu wa jora ndizo mtande, zile zinazokatiza ni mshindio. Mtande hauvutiki, mshindio huvutika kidogo, na mshazari huvutika sana. Nguo ikatwe urefu wake ukifuata mtande, la sivyo itajipinda mwilini na pindo la chini litaning'inia upande mmoja. Dukani huchana au kukata harakaharaka, ncha inakuwa imepinda. Chomoa uzi mmoja wa mshindio kutoka ukingo hadi ukingo. Mahali ulipotoka patabaki njia nyembamba kama unywele, kata hapo. Ni kazi ya dakika kumi na inaokoa nguo nzima.

Hatua ya kwanza: pindo la kanga

Kanga huuzwa doti, vipande viwili vimeshikana. Chora mstari katikati, kata, halafu kunja ncha iliyokatwa robo inchi, piga pasi, kunja robo nyingine, piga pasi tena, shona karibu na ukingo wa ndani. Mwanzo na mwisho wa kila mshono rudi nyuma mishono mitatu ili usifumuke.

Inaonekana kazi ndogo, lakini humu mmo mambo yote: kukunja sawa, kuongoza kitambaa bila kukivuta, kugeuka kwenye pembe sindano ikiwa imezama. Piga pindo za doti nne za majirani kabla hujaenda mbele. Mimi nilipiga za mtaa mzima.

Hatua ya pili: sketi ya lastiki

Mstatili mmoja. Pima nyonga, au hipsi kama mafundi wasemavyo, mahali penye unene kuliko pote, uzidishe mara moja na nusu. Nyonga za inchi 42 zinataka upana wa inchi 63. Urefu: kutoka kiunoni hadi unapotaka, ongeza inchi moja na nusu ya nyumba ya lastiki na inchi mbili za pindo. Kitenge kina upana wa inchi 45 hivi, kwa hiyo ukikilaza kwa ubavu, yadi mbili zinatosha na masalia ya kufungia kichwa yanabaki. Ukikilaza hivyo mtande unazunguka mwili, jambo ambalo sketi pana yenye lastiki inalivumilia. Nguo ya kufuata mwili haivumilii.

Unga ncha mbili uso kwa uso, akiba ya mshono, yaani kitambaa kinachobaki nje ya mshono, nusu inchi. Kwa kuwa wengi wetu hatuna ovaloki nyumbani, funga nyuzi kwa namna hii: punguza akiba moja ibaki robo inchi, ile nyingine ikunje iifunike, ilaze chini na ushone juu yake. Huko ndiko kulaza mshono, na utakuhitaji tena kwenye kanzu. Juu kunja robo inchi, kisha inchi moja na robo, shona pande zote ukiacha mwanya wa vidole vitatu. Lastiki ya inchi moja, urefu wa kiuno chako kasoro inchi mbili, ipitishe kwa kuifunga pini ya usalama, unga ncha zake, ziba mwanya. Pindo la chini mwisho.

Hatua ya tatu: dera

Dera ni ndugu wa kanzu. Kitambaa kizima, kimekunjwa begani, tundu la shingo katikati, ubavu umeshonwa na mikono imeachiwa nafasi. Pima kutoka begani hadi kisiginoni. Kama ni inchi 56, zidisha mara mbili na uongeze nne za pindo: inchi 116, yaani yadi tatu na robo.

Kabla ya kukunja, tazama maua. Kitenge chenye jogoo au mti ulioota kwenda juu, ukikikunja begani, mgongoni jogoo atasimama kichwa chini. Kitambaa cha namna hiyo kikate vipande viwili, geuza kimoja, unga mabegani.

Shingo ndiyo inayowaogopesha watu. Kunja kitambaa mara nne, tafuta pembe ya katikati. Kwa shingo ya inchi 16, pima kutoka pembe hiyo inchi mbili na robo tatu kwenda begani. Mgongo uteremke robo tatu ya inchi tu. Mbele uteremke inchi tatu, au zaidi ukipenda. Kata mgongo kwanza kwa tabaka zote, kisha fungua, uteremshe mbele peke yake. Anza na tundu dogo. Dogo huongezwa, kubwa halirudi.

Kwa ndani weka kaba, kipande cha kitambaa hichohicho kilichokatwa tundu lilelile, upana wa inchi mbili na nusu kuzunguka. Laza uso kwa uso, shona mviringo, kisha chanja akiba kwa ncha ya mkasi kila nusu inchi bila kugusa mshono. Usipochanja, shingo itajikunja na kusimama kama ukingo wa sufuria. Geuza kaba ndani, piga pasi, shona tena karibu na ukingo.

Ubavu: acha inchi 11 kutoka begani kwa ajili ya mkono, kisha teremka na mshono inchi tatu ndani ya ukingo hadi chini. Ukipenda likushike kiunoni, tia kamba ndani kwa mbele.

Hatua ya nne: gauni lenye umbo

Hapa tunaacha mistari iliyonyooka, na hapa ndipo ninapoona watu wakipoteza vitambaa vya thamani. Kwa hiyo usikate kitambaa chako kizuri. Nunua merikani au tumia shuka kuukuu, na ushone nguo ya kujaribia kwanza.

Kigezo kizuri kuliko vyote kiko kabatini mwako: gauni lililokutosha likachakaa. Lifumue kama nilivyofanya kanzu ya babu, piga pasi vipande, vichore kwenye gazeti, ongeza akiba ya nusu inchi kuzunguka, na andika kila kipande jina lake na mtande unapopita. Hutaki kulifumua? Likunje katikati, libane kwa pini juu ya gazeti na uchore ukingo wake, lakini tundu la mkono lichore kwa uangalifu. La mbele huchimba ndani zaidi kuliko la mgongo, kwa sababu mikono yetu hufanya kazi mbele.

Vipimo vichukuliwe na mtu mwingine, ukiwa umesimama kwa kawaida, bila kuvuta tumbo: kifua, kiuno, nyonga, upana wa bega, kutoka bega hadi kiuno, urefu wa mkono. Kwenye kifua ongeza inchi tatu za kupumua. Mwanamke mwenye kifua kikubwa anahitaji mkunjo wa kubana, uanzie ubavuni na kuelekea ncha ya titi, ukome inchi moja kabla ya kufika. Ukifika kabisa, nguo inachongoka vibaya. Ncha ya mkunjo usiirudie nyuma kwa mashine, acha nyuzi ndefu ufunge kifundo kwa mkono.

Mkono wa kuingiza kwenye tundu huwa mpana kuliko tundu lenyewe kwa inchi moja hivi juu ya bega. Pitisha mishono mirefu miwili kwenye kichwa cha mkono, vuta nyuzi kidogo, gawanya huo upana taratibu kwa vidole, bana kwa pini nyingi, piga bandi kwa mkono, jaribu mwilini, ndipo upeleke cherehanini. Bandi ni mshono wa muda, na anayeuona ni upotevu wa wakati atakuja kufumua mkono mara tatu. Nasema haya kwa moyo wote. Bandi ndiyo inayotofautisha nguo iliyotulia na nguo iliyolazimishwa.

Nguo za zamani: chagua kitambaa kwa mwaka wake

Mji wetu una chuo cha sanaa, TaSUBa, na shule nyingi huandaa michezo ya historia, kwa hiyo mara kwa mara mtu hunijia akitaka "nguo za enzi za misafara". Swali langu la kwanza ni: mwaka gani? Mwili wa Livingstone ulifikishwa hapa Februari 1874, ukiletwa na watumishi wake Chuma na Susi na wenzao kutoka bara. Ukiigiza siku hiyo ukamvika mama wa kando ya njia kanga yenye methali, umekosea. Kanga ilienea mwishoni mwa karne ile na maneno yakaja baadaye. Mpe kaniki, kitambaa cha buluu iliyoiva hadi kukaribia weusi, kimefungwa juu ya kifua. Mpagazi mpe merikani mbichi, rangi ya maziwa, kiunoni. Nguo hizo hazina mshono hata mmoja ila pindo, na uzuri wake uko katika kujua kuzifunga. Poliesta ilibuniwa Uingereza 1941, zipu nazo ni za karne ya 20, kwa hiyo vyote hivyo viache. Pamba tupu na uzi wa pamba.

Bwana mwenye hadhi alivaa joho juu ya kanzu, wazi mbele, na uzi wa dhahabu ukingoni. Joho ukilitazama kwa kukata, ni kanzu iliyopasuliwa mbele na kupanuliwa. Ukimaliza kanzu, utaliweza.

Kanzu

Nitatoa vipimo vya mtu mzima mwenye kifua cha inchi 40 na urefu wa inchi 56 kutoka begani hadi kifundo cha mguu. Kitambaa: poplini nyeupe au merikani nyepesi iliyokwisha fuliwa, upana wa inchi 45, yadi tatu na nusu. Akiba ya mshono nusu inchi, imo tayari katika vipimo hivi.

Kata kwanza badani, kipande kirefu cha mbele na nyuma bila mshono begani: upana inchi 23, urefu inchi 116. Pembeni kinabaki kipande cha inchi 22. Ndani yake toa mistatili miwili ya inchi 10 kwa 44 kwa ajili ya taharizi za ubavuni, na mistatili miwili ya inchi 21 kwa 24 kwa ajili ya mikono. Mwishoni panasalia kipande cha zaidi ya futi mbili. Humo pata vikwapa viwili vya inchi 6 kwa 6, kaba, lisani ya inchi 3 kwa 10 na mfuko. Ukivipanga hivi utaona nilichokiona mkekani siku ile: mkasi hauachi kitu cha kutupa.

Taharizi hukatwa hivi. Kwenye mstatili wa inchi 10, upande wa juu weka alama inchi moja kutoka kushoto, upande wa chini inchi moja kutoka kulia. Unganisha alama kwa mstari mmoja wa mshazari, kata. Umepata vipande viwili sawasawa, inchi moja juu na inchi tisa chini. Mstatili wa pili vilevile, jumla vinne: viwili mbele, viwili nyuma.

Urefu wa mkono usiupime kutoka begani, kwa sababu badani ya kanzu hupita bega na kushuka. Pima kutoka katikati ya shingo, nyuma, hadi kifundo cha mkono, toa inchi 11 ambazo ni nusu ya badani. Kwa mtu wangu huyu ni 33 toa 11, zinabaki 22, na mbili zinazofikisha zile 24 tulizokata ni za akiba na pindo. Upande wa kiganja waweza kuupunguza ubaki inchi 14, lakini inchi sita za kwanza kutoka begani ziache zimenyooka kwa ajili ya kikwapa.

Sasa shingo. Kata tundu kama la dera, pasua katikati mbele inchi 9, tia kaba kuzunguka tundu na mpasuo. Lisani, ule ulimi unaokaa nyuma ya mpasuo ili kifua kisionekane, ikunje katikati na ishikize upande mmoja tu kwa ndani. Malizia shingo wakati badani bado ni kipande bapa. Ukingoja mpaka nguo iungwe utapambana na mita tatu za kitambaa mapajani.

Tafuta katikati ya mkono, ikutane na mkunjo wa begani wa badani, unga ukingo kwa ukingo, laza mshono kuelekea kwenye badani. Kisha pima inchi tano kwenda chini kutoka mkono ulipoishia: hapo ndipo ncha ya taharizi inapoanza. Ukingo wa mshazari wa taharizi uungwe na ukingo ulionyooka wa badani, na zile kingo zilizonyooka za taharizi mbili zikutane ubavuni. Hili ni muhimu kuliko yote niliyoandika hapa. Mshazari ukiungwa na mshazari, ubavu wa kanzu utavutika mwaka hadi mwaka na kuning'inia chini ya goti kama pazia bovu. Mshazari ukishikwa na mtande, unatulia milele.

Kikwapa kina pande nne, na kila upande una mwenyeji wake: mmoja mkono kwa mbele, mmoja mkono kwa nyuma, mmoja badani mbele kwenye zile inchi tano, mmoja badani nyuma. Anza na mkono wa mbele. Simamisha mshono nusu inchi kabla ya kila pembe, zungusha, endelea. Pembe ikikataa kulala, fumua mishono miwili tu, usifumue upande mzima. Mzee mmoja aliyekuwa akishona kanzu aliniambia nilipokuwa nahangaika na cha kwanza, "Mwanangu, kikwapa ndicho kinachomruhusu mtu kuinua mikono akaomba dua." Jaribu kanzu isiyo nacho, uinue mikono juu, utaona nguo yote inapanda.

Vikwapa vyote viwili vikishakaa, unga mshono mmoja mrefu kutoka kiganja hadi pembe ya kikwapa, mwingine kutoka pembe ya chini ya kikwapa hadi mwisho wa taharizi. Laza mishono yote. Kanzu hufuliwa sana, mshono usiolazwa utachanika kabla ya kitambaa.

Usikunje sijafu ya chini, yaani pindo lake, siku hiyohiyo. Itundike kanzu mlangoni usiku kucha ijinyooshe kwa uzito wake. Asubuhi mvike mwenyewe, asimame wima, mtu apime kutoka sakafuni kuzunguka. Utaona ncha za taharizi zimezidi kidogo ubavuni, kwa kuwa mshazari ni mrefu kuliko mstari ulionyooka. Zipunguze kwa mviringo mpole, kisha kunja sijafu inchi moja na nusu.

Kazi ya mwisho ni ya mkono, nayo ndiyo inayomeza jioni zako. Kuzunguka kaba pitisha mistari mitatu au minne ya mishono midogo kwa uzi mweupe wa pamba au hariri, nafasi ya punje ya mchele kati ya mstari na mstari. Chora mistari kwa sabuni kwanza. Uzi usizidi urefu wa mkono wako, mrefu zaidi hujisokota na kuchakaa kabla ya kufika mwisho. Shona mchana, karibu na mlango, kwa sababu mweupe juu ya mweupe haushoneki kwa taa. Mwenye kupenda mtindo wa Kiomani ataongeza kishada shingoni. Kisha fua kanzu kwa maji baridi itoke sabuni na jasho la mikono, ianike kivulini, na ikiwa bado na unyevu kidogo ipige pasi kwa upande wa ndani, ukianzia kaba.